Ramani ya mawazo na ufahamu wa kusoma

ramani ya mawazo nm [i-/zi-] mchoro wenye wazo kuu katikati na matawi yanayotoka humo kuonyesha mawazo yanayolihusu, kila tawi likiwa na neno au kirai kifupi. *Wanafunzi walichora ramani ya mawazo baada ya kusoma kifungu.* Wingi: ramani za mawazo.

Katika ufundishaji wa kusoma, ramani ya mawazo hutumika kama daraja kati ya matini na maelezo ya msomaji mwenyewe. Makala haya yanaeleza istilahi hiyo na zile zinazokaribiana nayo, asili ya mbinu, namna inavyosaidia ufahamu, na masuala ya sarufi ya Kiswahili yanayojitokeza msomaji anapogeuza sentensi kuwa matawi. Mfano mmoja uliofanyiwa kazi kikamilifu umetolewa kwa ajili ya walimu, wanafunzi na wafasiri.

Istilahi na matumizi yake

Neno *ramani* katika matumizi ya kawaida hutaja mchoro wa nchi au mahali, na pia mchoro wa jengo kabla halijajengwa. Maana zote mbili zinafaa hapa. Msomaji huchora ili ajue aliko ndani ya matini, na mwandishi huchora ili ajue atakachojenga.

Neno *mawazo* linahitaji uangalifu. Katika mazungumzo, mtu akisemwa kuwa "ana mawazo", mara nyingi maana yake ni kwamba ana wasiwasi au huzuni. Kwa sababu hiyo baadhi ya waandishi hupendelea *ramani ya fikra*. Istilahi zote mbili hueleweka; la muhimu ni kutumia moja tu katika kitabu kimoja au tafsiri moja.

*Ramani ya dhana* si kisawe kamili. Katika ramani ya mawazo, matawi hutoka katika kitovu kimoja na uhusiano kati ya tawi na kitovu mara nyingi hauandikwi. Katika ramani ya dhana, dhana zinaweza kuwa na vitovu kadhaa, na kila mstari unaoziunganisha huandikwa neno la uhusiano, kama vile "husababisha", "ni aina ya" au "huzuia". Mfasiri anayetumia istilahi moja kwa michoro yote miwili humpotosha msomaji, kwa kuwa tofauti hii hugusa kiini cha kila mbinu.

*Kubungua bongo* ni kutoa mawazo mengi kwa haraka bila kuyachuja. Shughuli hiyo inaweza kutangulia ramani, lakini haihitaji mchoro. Isichanganywe na *chemsha bongo*, ambayo ni maswali au fumbo la kupima akili.

*Muhtasari* na *ufupisho* hutaja maandishi yanayobeba mambo makuu ya matini. Ramani si ufupisho. Ni hatua inayoweza kuutangulia, na kama itakavyoonekana hapa chini, safari kutoka ramani hadi ufupisho ina kazi yake maalumu.

Sehemu za ramani huitwa *kitovu*, *matawi* na *vitawi* au *tanzu*. Mstari unaovuka kutoka tawi moja hadi jingine unaweza kuitwa *mshale wa uhusiano*. Kuuita mstari huo *kiunganishi* huleta utata darasani, kwa kuwa neno hilo tayari ni jina la aina ya maneno katika sarufi.

Asili ya mbinu

Uchoraji wa maarifa kwa umbo la matawi ni wa kale. Hata hivyo, ramani ya mawazo kwa umbo lake la sasa ilipata umaarufu kupitia Tony Buzan wa Uingereza, aliyeieleza katika kipindi cha televisheni cha BBC na kitabu chake mwaka 1974. Kanuni zake ni rahisi: karatasi ilazwe kwa upana, kitovu kiwe picha au neno, kila tawi libebe neno moja, na rangi zitumike kutenga matawi.

Ramani ya dhana ilizaliwa kando, nchini Marekani. Joseph Novak na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell waliiunda katika miaka ya 1970 walipokuwa wakichunguza jinsi watoto wanavyobadilisha uelewa wao wa sayansi kadiri wanavyokua. Novak alijenga juu ya kazi ya mwanasaikolojia David Ausubel, aliyeshikilia kwamba jambo linaloathiri kujifunza kuliko yote ni lile mwanafunzi analolijua tayari. Kwa mtazamo huo, kujifunza kwenye maana ni kufunga jambo jipya kwenye jambo la zamani, na mchoro huonyesha kama fundo limefungwa au la.

Asili hizi mbili zinaeleza tofauti ya tabia. Mbinu ya Buzan hulenga wepesi, kumbukumbu na wingi wa mawazo. Mbinu ya Novak hulenga usahihi wa uhusiano. Mwalimu wa ufahamu huhitaji zote mbili, kila moja kwa wakati wake.

Kwa nini mchoro husaidia ufahamu

Kusoma kwa ufahamu si kutambua maneno tu. Mwaka 1978 Walter Kintsch na Teun van Dijk walieleza kwamba msomaji hujenga akilini muundo mkuu wa matini kwa kanuni za aina tatu: hufuta mambo yasiyohitajika katika kuelewa mengine, hujumlisha mambo kadhaa chini ya jina moja pana, na huunda wazo ambalo halikuandikwa popote lakini linatokana na yaliyoandikwa.

Ramani huzilazimisha kazi hizo tatu zionekane karatasini. Karatasi ni ndogo, kwa hiyo msomaji hana budi kufuta. Matawi makuu ni machache, kwa hiyo hana budi kujumlisha. Kitovu ni kimoja, na mara nyingi hakimo katika matini kwa maneno yaleyale, kwa hiyo hana budi kukiunda. Mwanafunzi anayeweza kujibu maswali kwa kunakili sentensi yenye neno la swali hawezi kuchora ramani kwa njia hiyo, kwa kuwa mchoro hauna nafasi ya kuficha sentensi asiyoielewa.

Hapo ndipo penye faida kubwa kwa mwalimu. Jibu lililonakiliwa neno kwa neno huweza kupata alama bila ufahamu wowote. Ramani yenye tawi lililowekwa mahali pasipo pake humwonyesha mwalimu mara moja uelewa ulipokatika.

Hatua za kuchora

Utaratibu ufuatao unafaa kwa kifungu cha aya tatu hadi sita.

1. *Kusoma mara ya kwanza bila kalamu.* Msomaji hujiuliza swali moja tu: matini hii inadai nini? Jina la mada halitoshi.
2. *Kufunga kitabu na kuchora.* Kitovu na matawi makuu huandikwa kutoka katika kumbukumbu. Nafasi tupu huachwa palipo na shaka.
3. *Kufungua kitabu na kusahihisha.* Msomaji hujaza mapengo na kuhamisha matawi. Rangi au aina nyingine ya mstari itumike hapa, ili ionekane kipi kilikumbukwa na kipi kiliongezwa.
4. *Kuchora mishale ya uhusiano.* Kila mshale upewe neno: "kwa kuwa", "hivyo", "hata hivyo", "iwapo".
5. *Kusema au kuandika.* Ramani hugeuzwa kuwa maelezo kamili bila kutazama matini.

Darasa lisilo na kalamu za rangi halikosi kitu cha lazima. Mstari mnene, mstari mwembamba na mstari wa nukta hufanya kazi ileile. Vivyo hivyo, programu za kompyuta hurahisisha kuhamisha matawi, lakini hazimwamulii msomaji tawi liende wapi.

Mfano: kifungu na ramani yake

Kifungu hiki kimeandikwa kwa ajili ya mfano.

> Mikoko huota mahali ambapo miti mingine hufa: katika tope la chumvi linalofunikwa na maji ya bahari yanapojaa. Mizizi yake hunasa tope na kupunguza nguvu za mawimbi, hivyo ufuo haumomonyoki upesi. Katikati ya mizizi hiyo, samaki, kaa na kamba wachanga hupata maficho na chakula hadi wakomae. Mbao zake ni ngumu na hazishambuliwi upesi na mchwa; ndiyo maana kwa karne nyingi boriti za mikoko zilitumika kushikilia dari za nyumba za mawe za Lamu na Unguja, na upana wa vyumba ukafuata urefu wa boriti. Boriti nyingine zilipakiwa majahazini na kupelekwa Uarabuni, kulikokuwa na uhaba wa miti ya kujengea. Biashara hiyo ilipokua, misitu ilikatwa kuliko ilivyoweza kuchipua upya. Mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku usafirishaji wa boriti hizo nje ya nchi. Hata hivyo, marufuku hiyo haikuzuia ukataji wa matumizi ya nyumbani. Wavuvi ni miongoni mwa wa kwanza kuihisi hasara hiyo, kwa kuwa baadhi ya samaki wanaowavua baharini walikulia mikokoni.

Msomaji asiyezoea huandika "Mikoko" katikati, kisha matawi saba au manane kwa mpangilio wa sentensi: tope, mizizi, samaki, mbao, Uarabuni, Kenya, wavuvi. Mchoro huo ni orodha iliyopindwa ikawa duara. Hakuna kosa la ukweli ndani yake, ila hauonyeshi kifungu kinadai nini.

Ramani ya msomaji aliyeelewa hukaribia hii:

Kitovu: Mikoko: kusimama au kukatwa

Tawi la 1: Ikisimama
– mizizi → kunaswa kwa tope → kinga ya ufuo
– mizizi → maficho na chakula → malezi ya samaki, kaa na kamba

Tawi la 2: Ikikatwa
– ugumu wa mbao → boriti → nyumba za mawe
– boriti → majahazi → soko la Uarabuni

Tawi la 3: Matokeo
– ukataji uliopita kiasi → upungufu wa misitu
– marufuku ya 1982 → usafirishaji nje tu
– hasara kwa wavuvi

Mshale wa uhusiano: kutoka "hasara kwa wavuvi" kurudi "malezi ya samaki", ukiandikwa "kwa kuwa".

Mambo matatu yanastahili kuangaliwa. Kwanza, kitovu hakimo katika kifungu. Hakuna sentensi inayosema kwamba mti uleule una faida mbili zinazoshindana. Msomaji ameliunda wazo hilo. Pili, taarifa kuhusu upana wa vyumba imefutwa. Ni ya kweli na inavutia, lakini ikiondolewa hakuna kinachoanguka. Tatu, mshale unaunganisha sentensi ya mwisho na ya tatu. Msomaji aliyefuata mpangilio wa sentensi asingeuona, na bila huo hawezi kujibu swali la "kwa nini" kuhusu wavuvi kwa maneno yake mwenyewe.

Kiswahili kwenye matawi: masuala ya sarufi

Vitabu vingi vinavyoeleza ramani ya mawazo vimeandikwa kwa lugha ambazo maneno yake ni mafupi na huru. Agizo la "neno moja kwa kila tawi" linapoletwa katika Kiswahili, hukutana na lugha ambamo neno moja linaweza kuwa sentensi nzima. Masuala manne hujitokeza.

*Kitenzi au nomino.* Neno "ilikatwa" lina kiambishi cha ngeli, wakati na kauli ya kutendwa. Likiandikwa peke yake kwenye tawi, halimwambii msomaji ni nini kilichokatwa, kwa kuwa *i-* inaweza kurejelea misitu, miti, ngozi au kamba ya nanga. Kwa kawaida nomino inayotokana na kitenzi hufaa zaidi: *ukataji*, *usafirishaji*, *malezi*, *kinga*. Ila uteuzi wa nomino nao una maana. *Ukataji* ni tendo, *mkato* ni alama au namna ya kukata. *Mmomonyoko* ni tukio, *kumomonyoka* ni mwendo wake.

*Nani ametenda.* "Kupungua kwa misitu" na "kupunguzwa kwa misitu" si wazo moja. La kwanza halimtaji mtendaji kabisa. La pili linakiri kwamba yupo. Msomaji anayeandika "kupungua" mahali ambapo matini inasema misitu "ilikatwa" amebadilisha lawama bila kujua. Kwa matini za historia na siasa kosa hili ni zito.

*Virejeshi vya umilikaji.* Katika kifungu, "mbao zake" huja mara baada ya sentensi kuhusu samaki, kaa na kamba. Kiambishi *z-* hukubaliana na mbao, yaani kinachomilikiwa, na hakisemi lolote kuhusu mwenyewe. Msomaji hupata jibu katika shina: wanyama wengi wangeleta *-ao*, "zao"; *-ake* humrudisha kwenye mikoko. Mwanafunzi anayepachika "mbao" kwenye tawi sahihi amefanya uchambuzi huo, hata kama hawezi kuutaja kwa istilahi.

*Rejeleo la jambo lisilotajwa.* "Biashara hiyo" na "hasara hiyo" hurejelea mambo ambayo nomino zake hazijatangulia. Biashara inadokezwa na boriti kupakiwa majahazini. Hasara inadokezwa na misitu kukatwa kuliko inavyochipua. Maneno kama *hiyo*, *hilo*, *hayo* yanapofuata nomino mpya ni ishara kwamba mwandishi amejumlisha sentensi zilizopita na kuzipa jina. Aghalabu jina hilo ndilo linalofaa kuwa tawi kuu.

Viunganishi vilivyofichwa ndani ya kitenzi

Mishale ya uhusiano hutafutwa kwanza katika maneno yaliyo wazi: *kwa sababu, kwa kuwa, ndiyo maana, hivyo* kwa sababu na matokeo, *lakini, hata hivyo, ingawa, ijapokuwa* kwa ukinzani, *iwapo, endapo* kwa sharti, *kisha, hatimaye* kwa mfuatano, *kama vile, mathalani* kwa mfano.

Lakini Kiswahili huficha uhusiano mwingi ndani ya kitenzi. Kiambishi *-ki-* hubeba sharti: "ikikatwa". Kiambishi *-ka-* hubeba mfuatano, na mara nyingi matokeo: "upana wa vyumba ukafuata urefu wa boriti". Kiambishi *-po-* hutaja wakati, ila huweza kubeba sababu: "biashara hiyo ilipokua, misitu ilikatwa" haielezi tu kwamba mambo mawili yalitokea pamoja. Kauli ya kutendesha nayo ni uhusiano wa sababu uliofinyangwa ndani ya neno: anayetajwa kuwa *amepunguza* jambo amelisababisha lipungue.

Zoezi linalofaa kwa darasa ni kupigia mstari viambishi hivi kabla ya kuchora, kisha kuvitafsiri kuwa maneno ya mishale. Mwanafunzi anayeona *-po-* na kuandika "wakati" badala ya "kwa sababu" hupewa nafasi ya kujitetea kwa ushahidi wa kifungu. Mjadala huo ndio ufahamu wenyewe.

Aina ya matini na umbo la mchoro

Ramani ya matawi hufaa zaidi matini inayoainisha na kueleza: aina za udongo, tanzu za fasihi simulizi, sehemu za mmea. Matini ya hoja huhitaji mishale yenye maneno, yaani hukaribia ramani ya dhana. Masimulizi yana wakati, na wakati haupendi duara; hadithi huchorwa vizuri kwa mstari wa matukio, kisha ramani ndogo ikatumika kwa mhusika mmoja na mahusiano yake. Maelekezo ya kufanya jambo, kama mapishi, huhitaji chati ya hatua. Shairi la arudhi linaweza kuwekewa tawi moja kwa kila ubeti, mradi kitovu kiachwe wazi hadi ubeti wa mwisho usomwe, kwa kuwa huko ndiko msimamo wa mtunzi hufungwa mara nyingi.

Kwa hiyo swali la kwanza la mwalimu liwe kuhusu matini, na swali la mchoro lifuate.

Kutoka ramani hadi ufupisho

Katika mtihani wa kidato cha nne nchini Kenya, karatasi ya pili ya Kiswahili hutenga alama 15 kwa ufahamu na 15 kwa ufupisho. Maswali ya ufupisho huweka kikomo cha maneno, na sehemu ya alama hutolewa kwa utiririko. Ramani humsaidia mtahiniwa kupata hoja, lakini haina utiririko wowote. Anayenakili matawi yake mfululizo huandika orodha, na alama ya utiririko humponyoka.

Dawa yake ni kuandika mishale pamoja na matawi. Ramani iliyotolewa hapo juu inaweza kuwa ufupisho huu wa maneno 52:

> Mikoko hufaa ikisimama na ikikatwa. Ikisimama hukinga ufuo na kulea samaki wachanga. Ikikatwa hutoa boriti ngumu za ujenzi na biashara. Biashara hiyo ilipokua, misitu ilipungua, hata Kenya ikapiga marufuku usafirishaji wa boriti mwaka 1982, ingawa ukataji wa matumizi ya nyumbani uliendelea. Kwa kuwa samaki hukulia mikokoni, wavuvi ni miongoni mwa wanaoumia kwanza.

Kila kiunganishi katika ufupisho huu, wazi au kilichofichwa, kina mshale au mpaka wa tawi unaolingana nacho. Hata hivyo, mhakiki makini ataona kwamba "misitu ilikatwa" imekuwa "misitu ilipungua". Mtendaji amefifia, kama ilivyoonywa hapo juu. Katika nafasi hii neno "biashara" linabaki kumtaja. Lingeondolewa, ufupisho ungekuwa umepotosha kifungu.

Mipaka ya mbinu

Ushahidi wa utafiti unaitetea mbinu hii kwa kiasi. John Nesbit na Olusola Adesope walikusanya tafiti 55 zenye washiriki 5,818 na kuchapisha matokeo mwaka 2006. Waliona kwamba ramani za dhana zilisaidia kuliko kusoma matini au kusikiliza mhadhara tu. Lakini zilipolinganishwa na kazi nyingine zinazomtaka mwanafunzi aunde kitu, kama kuandika muhtasari, faida ya ziada ilikuwa ndogo. Sehemu kubwa ya nguvu hutoka katika kushughulika na matini, na mchoro ni njia moja ya kushughulika.

Mwaka 2011 Jeffrey Karpicke na Janell Blunt walichapisha katika jarida la *Science* jaribio lililoleta mjadala mkali. Wanafunzi waliochora ramani za dhana huku matini ikiwa mbele yao walikumbuka machache baada ya wiki moja kuliko wale waliosoma, wakaweka matini kando, wakaandika walichokikumbuka. Mwaka 2014 watafiti hao hao walionyesha kwamba ramani inayochorwa kutoka katika kumbukumbu husaidia sawa na kuandika kutoka katika kumbukumbu. Funzo kwa mwalimu ni bayana: kitabu kifungwe. Ndiyo sababu hatua ya pili katika utaratibu uliotolewa hapo juu haipaswi kurukwa, hata kama darasa linalalamika kwamba ni ngumu.

Makosa mengine yanayoonekana mara kwa mara ni haya:

– *Mwalimu kuchora ramani ubaoni na wanafunzi kuinakili.* Ufahamu wote hubaki kwa mwalimu. Ramani ya ubaoni ichorwe baada ya zile za wanafunzi, kwa kuzilinganisha.
– *Sentensi nzima kwenye matawi.* Huko ni kunakili kwa mwandiko wa mshazari.
– *Mapambo kutangulia mawazo.* Saa ya somo huishia kwenye rangi.
– *Kutoza alama kwa uzuri wa mchoro.* Kinachostahili alama ni mahali pa tawi na neno la mshale.
– *Ramani moja "sahihi".* Kifungu kimoja huweza kuzaa ramani mbili zenye vitovu tofauti, zote zikitetewa na matini. Isiyotetewa na matini ndiyo iliyokosea.

Kwa mfasiri na msomaji wa lugha mbili

Mfasiri anaweza kuchora ramani ya matini chanzi kwa Kiswahili kabla ya kutafsiri sentensi yoyote. Kazi hiyo humtenga na mpangilio wa maneno wa lugha chanzi na kumwonyesha mapema mahali anapokosa istilahi. Tawi asiloweza kulipa jina la Kiswahili ndilo la kwenda nalo kwenye kamusi. Baada ya kutafsiri, ramani ya pili ikichorwa kutoka katika tafsiri pekee na kulinganishwa na ya kwanza, mshale uliopotea hujidhihirisha.

Nchini Tanzania, wanafunzi wengi wa shule za umma husoma elimu ya msingi kwa Kiswahili na kukutana na masomo mengi ya sekondari kwa Kiingereza. Kwao, ramani yenye istilahi za somo kwa Kiingereza na maneno ya mishale kwa Kiswahili ni kituo cha katikati. Humwezesha mwanafunzi kuonyesha kwamba ameelewa *kwa nini*, hata kabla hajaweza kulisema hilo kwa lugha ya mtihani. Mwalimu anayeisoma ramani hiyo hutambua kama tatizo liko katika somo au katika lugha, na hayo ni matatizo mawili yanayohitaji msaada tofauti. Kituo hicho kisigeuzwe kuwa mwisho wa safari: mara mishale inapokuwa sahihi, ramani ichorwe upya kwa lugha moja, kisha iandikwe kwa sentensi kamili.